Ukurasa wa Ngapi? Safari Yangu ya Kwanza Lushoto

Ninafundisha Kiswahili sekondari jijini Dar es Salaam, na kila mwaka hukutana na mwanafunzi wa aina moja. Muulize dhamira za *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe*, atakutajia bila kupumua: mapenzi, uzembe kazini, ulevi, nafasi ya mwanamke, mila. Muulize falsafa ya mwandishi, msimamo wake, muundo na mtindo, yote anayo. Sasa muulize Mazoea ni mtu wa namna gani, angempenda au angemwogopa kama wangeishi mtaa mmoja, hapo atainamisha kichwa. Tamthiliya hajaisoma. Amesoma uchambuzi, kile kijitabu chembamba kinachopita mkono kwa mkono, au amenakili daftari la kaka yake aliyemaliza mwaka juzi. Mtihani anaweza akaufaulu, lakini kitabu hakijamgusa popote.

Mwanafunzi huyo ndiye aliyenipandisha Usambara. Mwenzangu niliyesoma naye ualimu, ambaye siku hizi anafundisha shule ya kata nje kidogo ya mji wa Lushoto, alinipigia simu akanieleza kwamba wanafunzi wake wa kidato cha tatu wanakaa kwenye vikundi, wanasoma vitabu teule wenyewe na kuvijadili wenyewe, yeye akiwa pembeni. Nilimuuliza maswali mengi mno. Mwishowe akasema, "Dada, panda basi uje. Haya mambo si ya kuhadithiwa kwenye simu."

Lushoto nilikuwa siijui. Mimi ni mtu wa pwani, na milima nimezoea kuitazama kwa mbali. Niliomba ruhusa kwa mkuu wangu wa shule, nikapanda basi alfajiri pale Kituo cha Magufuli, Mbezi, na vitabu vyangu mkobani. Tulipopita Chalinze, dada niliyekaa naye aliona *Takadini* mapajani mwangu akafurahi. "Hiki tulikisoma!" Nikamuuliza kinahusu nini. "Unyanyapaa," akajibu papo hapo, "na mapenzi ya kweli, na mila potofu." Nikamuuliza kama anamkumbuka Sekai. Akafikiri kidogo. "Sekai ndiye nani?"

Sekai ni mama yake Takadini. Ni mwanamke aliyemkimbiza mwanawe mchanga, mwenye ualbino, kutoka kijiji ambacho desturi yake haikumpa mtoto wa namna ile nafasi ya kuishi. Bila Sekai riwaya nzima haipo. Dada yule hakuwa na kosa lolote, alikipata kitabu kama alivyopewa: vichwa vya habari vimebaki, watu wamepotea. Tuliendelea kuzungumza mengine mpaka daraja la Wami, kisha akalala.

Baada ya Korogwe mashamba ya mkonge yalitusindikiza, mistari iliyonyooka mpaka chini ya ukuta wa milima upande wa kulia. Mombo palikuwa na joto la kutosha kukaushia nguo. Hapo gari likaacha barabara kuu, likakata kulia na kuanza kupanda. Ni zaidi ya kilomita 30 za kona juu ya kona, jabali upande mmoja na korongo upande wa pili, na kila tulipopanda hewa ilizidi kuwa nyepesi. Soni tuliyaona maporomoko ya maji kando ya barabara. Baada ya hapo ikawa kabichi, karoti na miti ya mapeasi kwenye miteremko ambayo sikudhani mtu anaweza kusimama akalima. Nilipofika nilivaa sweta, na nililivaa mpaka siku ya kuondoka.

Jioni ile, kabla sijaona darasa lolote, nilipata somo ambalo sikulitarajia. Mwenzangu anaishi na baba yake. Nilimwamkia mzee, akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu milimani," na tulipokuwa tunakula makande akauliza kilichonileta. Nikamweleza habari ya vikundi. Akamtazama binti yake, akacheka. "Sasa hilo ndilo lililokutoa Dar es Salaam? Sisi tulifanya mwaka 1973."

Alikuwa anaizungumzia kampeni ya Mtu ni Afya. Wasomaji wa umri wake wataikumbuka. Serikali ilitumia redio kufundisha usafi na kinga ya maradhi nchi nzima, na watu wapatao milioni 2 waliingia kwenye vikundi. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Yeye, kijana aliyejua kusoma, alifanywa kiongozi wa kikundi. Walikutana kwenye kibaraza cha jirani mwenye redio, wakasikiliza kipindi mpaka mwisho, kisha yeye akasoma kijitabu kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma. Baada ya hapo yalikuja maswali. Hapa kijijini kwetu mbu wanazaliana wapi? Nani ana choo, nani hana, na asiye nacho anazuiwa na nini? Wakikubaliana, wanatoka na majembe.

"Jambo la kwanza tuliloambiwa kwenye mafunzo," mzee alisema, "ni kwamba kiongozi wa kikundi si mwalimu. Kazi yako ni kuuliza na kuhakikisha kila mtu amesema. Ukianza kuhutubia, kesho hawaji."

Mwenzangu aliniambia baadaye kwamba njia yake aliijenga kwa kuunganisha mambo mawili: simulizi za baba yake, na aliyoyasoma kuhusu kazi ya Harvey Daniels, mwalimu wa Chicago aliyetoa kitabu mwaka 1994 kuhusu vikundi vya wanafunzi vya kusoma fasihi. Daniels alipendekeza wanafunzi wachague kitabu wenyewe, wakutane kwa ratiba, na maswali yatoke kwao. Ili kuwasaidia kuanza, kila mmoja alipewa kazi: mmoja kuandaa maswali, mwingine kuchagua kifungu cha kusomwa kwa sauti, mwingine kuunganisha hadithi na maisha. Toleo la pili lilipotoka mwaka 2002, aliwatahadharisha walimu wasizing'ang'anie karatasi za majukumu, maana zilianza kuyakausha mazungumzo. Kila mtoto anasoma alichoandika, anakaa, zamu ya mwingine. Mwenzangu alizitumia wakati wa kuanza, na vikundi vilipozoea akazikusanya na kuzifungia kabatini. Mimi namuunga mkono. Nimeona madarasa yanayoitwa shirikishi ambamo kushiriki kwenyewe kumegeuka kukariri.

Asubuhi darasa lilikuwa na wanafunzi 46. Walisimama, "Shikamoo mwalimu," wakakaa, na kabla hawajaambiwa lolote wakaanza kusogeza madawati. Ilikuwa vipindi viwili mfululizo, dakika 80, na mwenzangu anasema chini ya hapo haiwezekani. Dakika 40 zinaisha watu ndiyo kwanza wamepamba moto. Vikundi vilikuwa vinane, vya watu watano au sita. Vitatu vilikuwa na *Ngoswe* ya Edwin Semzaba, vitatu *Takadini* ya Ben Hanson, viwili *Watoto wa Mama N'tilie* ya Emmanuel Mbogo. Walichagua wenyewe, kila mtu akiandika chaguo la kwanza na la pili, na mwalimu akapanga kulingana na nakala zilizopo.

Kila mwanafunzi alikuwa na daftari lililopigwa mstari katikati. Kushoto anaandika kilichomshtua, kilichomfurahisha au kilichomkera, pamoja na namba ya ukurasa. Kulia anaandika swali. Safu ya dhamira haipo, wala ya falsafa, wala ya msimamo. Hizo zitakuja baadaye, mwalimu atakaposimama ubaoni kukusanya waliyoyapata. Sheria ya kikundi ni moja, nayo inafanya kazi kubwa kuliko sheria kumi: mtu yeyote akitoa hoja, mwenzake ana haki ya kumuuliza, "Ukurasa wa ngapi?" Asipouonyesha, hoja inasubiri.

Nilikaa karibu na kikundi kimoja cha *Ngoswe*. Kwa asiyeijua tamthiliya hii, Ngoswe ni karani wa sensa aliyetumwa kijijini kuhesabu watu. Anafikia kwa balozi Mitomingi, anamtamani binti wa balozi, Mazoea, kazi inamshinda, na mwisho karatasi za hesabu zinateketezwa kwa moto wa hasira ya baba.

"Mimi naona aliyeharibu kazi ya serikali ni Mitomingi," alianza binti mmoja. "Karatasi kachoma yeye."

"Wewe ungezitunza karatasi za mtu aliyekuharibia nyumba?" kijana akamjibu.

"Sijasema ningezitunza. Nasema nani kachoma."

"Lakini Ngoswe ndiye aliyeacha kazi tangu mwanzo."

"Ukurasa wa ngapi?"

Vitabu vikafunuliwa. Kilipita kimya, nami nikajikaza nisiingie. Walipata mahali, wakasoma, wakabishana kama pale Ngoswe alikuwa ameacha kazi au alikuwa anaichelewesha. Kisha binti mwingine, ambaye muda wote alikuwa anachezea kifuniko cha kalamu, akasema, "Mnabishana Ngoswe na Mitomingi. Na Mazoea je? Naye ni karatasi?"

Hakuna aliyemjibu haraka. Wakakubaliana wapitie kitabu upya watafute kila mahali Mazoea anapozungumza, waone anataka nini yeye mwenyewe, si anachotakiwa na wengine. Kijana yule mbishi ndiye aliyeshika kalamu kuorodhesha kurasa. Nimefundisha "nafasi ya mwanamke katika jamii" kwa *Ngoswe* hiyohiyo kwa miaka, tena kwa bidii. Wanafunzi hawa waliifikia wenyewe, kwa swali la mwenzao, na wakaitafutia ushahidi bila kuagizwa.

Sensa iliwaingia kwa namna nyingine pia. Wote wanaikumbuka ile ya Agosti 2022, makarani walipopita na vishikwambi. Mmoja akauliza kama Mitomingi wa leo akichoma kishikwambi takwimu zingepotea. Wakamwita mwalimu wao, maana alikuwa mmoja wa walimu wengi waliofanya kazi hiyo, na kishikwambi alichonacho ni miongoni mwa vile vilivyogawiwa kwa walimu baada ya sensa. "Mwalimu, ukifika nyumba watu wanakwambia uongo, ulikuwa unafanyaje?" Akawaeleza kwa ufupi jinsi karani anavyouingia mji wa mtu: anapiga hodi, anafuatana na kiongozi wa mtaa, anavumilia maswali, na anatunza siri ya kila anachoambiwa. Kisha akasema, "Haya, rudini kwa Semzaba," akaondoka. Lakini aliwaachia kipimo. Waliporudi kwenye kitabu walimtazama Ngoswe kama mtumishi aliyekabidhiwa siri za watu, na uzembe wake ukawa mzito zaidi machoni pao.

Si kila kikundi kilikwenda vizuri, na ni haki niliseme hilo. Kikundi kimoja cha *Watoto wa Mama N'tilie* kilikuwa hakijasoma. Kwenye madaftari yao niliona sentensi za uchambuzi zilezile ninazozijua kwa moyo, zimenakiliwa mpaka makosa yake. Mwenzangu hakuwafokea wala hakuwachapa. Aliwapeleka kona ya nyuma, akawapa nakala mbili, akawaambia wasome kwa kupokezana mpaka wazimalize kurasa walizotakiwa kuzisoma nyumbani. Dakika 80 zote zilikwisha wakiwa wanasoma, huku wakisikia kelele za mjadala wa wenzao. Wawili walikuwa na sababu: kwao hakuna umeme, na kitabu kiliwafikia Jumapili usiku. Mwenzangu akabadilisha ratiba ya kupokezana palepale ili wao wawe wa kwanza juma lile.

Siku iliyofuata nilikabidhiwa kikundi cha *Takadini*. Kilikuwa na kijana mmoja mwenye akili nyingi na maneno mengi zaidi, wa aina ambayo kila mwalimu anaijua. Akishika hoja, wengine hugeuka wasikilizaji. Kwa hali hiyo mwenzangu ana dawa yake. Kila mmoja anapewa punje tatu za mahindi. Ukisema, unaweka punje moja katikati ya meza. Zikiisha, unasikiliza mpaka wenzako wote wamalize zao. Kijana wetu alimaliza punje zake kabla sijakaa sawasawa. Baada ya hapo nilimwona akifanya kitu ambacho huenda hakuwahi kukifanya darasani: aliwatazama wenzake usoni wakati wanazungumza.

Swali lililotuchukua muda lilihusu Chivero, mzee wa kijiji kingine aliyempokea Sekai na mwanawe. Kwa nini alimpokea? Alikuwa hamjui, na kumpokea mtoto yule kungeweza kumletea matatizo na watu wake. Mmoja akasema ni huruma. Mwenzake akauliza mbona kwao Sekai wenye huruma hawakuonekana, huko nako si kulikuwa na wazee? Msichana mmoja akafungua kitabu, akasoma kifungu kwa sauti ndogo, akasema, "Chivero alimwona mtu kwanza, ualbino baadaye. Wale wengine walianza na ualbino." Akaweka punje yake ya mwisho.

Kutoka hapo tulifika mahali pagumu. Wanaijua historia ya nchi yetu juu ya jambo hili. Wanajua kwamba watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina. Mmoja alisema hayo ni mambo ya zamani. Mwenzake akamuuliza swali ambalo halikuwa na ukurasa: "Kaka yako akileta mchumba mwenye ualbino, nyumbani kwenu watasemaje?" Punje zilikuwa zimebaki mbili mikononi mwa wawili, lakini hata wasiokuwa nazo waliomba ruhusa. Wapo waliosema ukweli kwamba mama angelia. Wakarudi kwenye riwaya, kwa wazazi wa Shingai, msichana aliyempenda Takadini, waliompinga kijana huyo, na safari hii hawakuwaita watu wa mila potofu kwa wepesi uleule. Walitaka kujua wanaogopa nini. Kijana mmoja akaniuliza kama mtu mwenye ualbino amewahi kuchaguliwa kuwa kiongozi hapa kwetu. Nikawatajia Al-Shaymaa Kwegyir, aliyeteuliwa kuwa mbunge mwaka 2008, na Salum Khalfani Bar'wani, aliyechaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini mwaka 2010. Akayaandika majina yote mawili upande wa kulia wa daftari, kwenye maswali. Sikuuliza kwa nini kule.

Walimu watauliza kuhusu mtihani, na ni swali la haki, kwa sababu mzazi ataliuliza na mkuu wa shule ataliuliza. Maswali ya fasihi ya Baraza la Mitihani humtaka mwanafunzi ajenge hoja kutoka vitabu alivyosoma na aitetee kwa mifano. Mwanafunzi aliyeulizwa "ukurasa wa ngapi" mwaka mzima ana mifano. Tena ana mifano yake mwenyewe, siyo ile mitatu ambayo msahihishaji ameikuta kwenye karatasi mia kabla ya yake. Hata hivyo, nisingependa vikundi hivi vitetewe kwa mtihani peke yake. Kijana wa miaka kumi na sita aliyejifunza kupinga hoja ya mwenzake bila kumtukana, na kukubali akionyeshwa ushahidi, tumempa kitu ambacho cheti hakina safu ya kukiandika.

Kikwazo kikubwa ni nakala. Shule ya mwenzangu ina vitabu vichache, na wanavipata kwa jasho: wahitimu wawili watatu wanaofanya kazi mijini, kikao cha wazazi, mkuu wa shule anayeelewa. Wanafunzi wanaokaa kitongoji kimoja wanapewa nakala moja, na wanasoma pamoja wakitoka shambani. Ukitaka kuanza, usisubiri vitabu vya darasa zima. Niliporudi Dar es Salaam, kwenye mikondo yenye wanafunzi wengi kupita ule wa Lushoto, nilianza na kikundi kimoja cha watu sita, baada ya saa za masomo. Wengine walikuja kusimama dirishani kusikiliza. Sasa viko vinne, na vyote vinagombania nakala zilezile.

Kwa hiyo, mkuu wa shule unayepanga matumizi ya mwaka, tenga fedha za riwaya na tamthiliya zenyewe, siyo vijitabu vya uchambuzi. Mzazi, mwanao akiomba hela ya kitabu, muulize jina la kitabu na jina la mwandishi kabla hujatoa. Nawe mwalimu mwenzangu, tafuta nakala sita za kitabu kimoja, wape wanafunzi sita kurasa ishirini za kusoma mpaka Ijumaa, na Ijumaa waache wauane kwa hoja. Ukiona mkono wako unataka kushika chaki, kalia kiti.